Ndege kanga na kanga ya kuvaa: nani alimpa mwenzake jina?

*"Mwalimu, shikamoo. Nauza kanga na vitenge hapa Ujiji. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia ndege kanga aliitwa hivyo kwa sababu madoa yake yanafanana na kanga tunazojifunga, na kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu, lilikuja na misafara ya pwani. Babu yangu yuko Kasulu na ujanani alikuwa mwindaji. Anakataa kabisa. Anasema ndege huyo alikuwa na jina kabla duka la nguo halijafika huku. Mume wangu naye anasema limetoka kwenye kukaanga, kwa kuwa ni nyama nzuri. Mwanangu wa darasa la sita amepewa kazi ya kuandika asili ya jina la ndege mmoja na amemchagua kanga, sasa hajui amsikilize nani. Na mimi fundi wa mabango ananisubiri: niandike KANGA au KHANGA? Wifi yangu wa Tanga anasema bila hiyo 'h' ni kosa."*

Marahaba, dada yangu. Naona wasiwasi wako ni wa pande mbili: mtoto asipeleke uongo shuleni, na wewe usitundike kosa mbele ya duka. Nianze na la mtoto, maana likieleweka hilo, la bango litakuwa jepesi.

Babu yako ndiye aliye sahihi. Jina ni la ndege kwanza, na nguo ililichukua kwake. Wifi yako pia ana jambo la kweli, ingawa analiweka mahali pasipo pake. Mteja wako amegeuza mambo, na mumeo, mwambie kwa upole, amevutwa na sauti tu.

Nimalizane na la mumeo kwanza kwa kuwa ni fupi. Kitenzi ni *kaanga*, chenye *a* mbili ndefu. Urefu huo una sababu. Zamani katikati palikuwa na konsonanti ambayo Kiswahili kimeiacha, lakini ndugu zetu Wakikuyu bado wanayo: wao husema *karanga* kwa maana hiyohiyo ya kukaanga. Hata karanga tunazotafuna zimetoka kwenye shina hilo. Jina la ndege halina vokali ndefu kwetu, wala katika lugha jirani halina alama yoyote ya silabi iliyopotea. Haya ni maneno mawili yaliyokaribiana kwa sauti, basi.

Sasa dai zito, kwamba neno ni la Kiarabu. Naelewa linakotoka. Ukikaa Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, ni rahisi kuamini kwamba kila kitu chenye jina la Kiswahili kililetwa kwa mabega ya wapagazi. Na kweli maneno mengi ya duka lako yana safari ndefu. *Doti* ina mizizi ya Kihindi, na wakati wa misafara ilikuwa kipimo: shuka mbili zilifanya doti moja. *Leso*, ambalo Mombasa bado ni jina la kanga, limetoka kwa Wareno, ambao kitambaa cha mkononi hukiita *lenço*. *Merikani*, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyotumika kama fedha Tabora na Ujiji, inajitaja yenyewe ilikotoka.

Kanga si wa kundi hilo, na ushahidi wake hauhitaji imani. Unahitaji masikio tu.

Mchukue Mchewa wa Malawi umuulize ndege huyu ni nani. Atakwambia *nkhanga*. Mshona wa Zimbabwe atasema *hanga*. Mtswana wa Botswana atasema *kgaka*. Mtu anaweza kudhani hayo ni majina matatu tofauti, au kwamba wote wameiga kwetu na kuharibu. Lakini linganisha maneno mengine. Sisi tunasema *kuku*, Mchewa *nkhuku*, Mshona *huku*. Sisi tunasema *kuni*, Mchewa *nkhuni*, Mshona *huni*. Sasa rudi kwa ndege: *kanga*, *nkhanga*, *hanga*. Mlingano ni uleule, bila kukosea. Hata la Kitswana linalosikika geni linafuata kanuni yake. Mahali ambapo sisi tuna *ng* katikati ya neno, mara nyingi wao wana *k*. Mganga wetu, kwao ni *ngaka*. Kwa njia hiyohiyo, kanga wetu kwao ni *kgaka*.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, na ningependa mwanao apaelewe hata kama itabidi usome naye mara mbili. Neno la kukopwa huja likiwa tayari limeundwa, na kila anayelikopa huliingiza kinywani mwake kama alivyolisikia. Halipitii mabadiliko ya sauti ambayo lugha ilikwisha kuyapitia karne nyingi nyuma. Neno la urithi hubadilika pamoja na lugha yenyewe, hatua kwa hatua, likifuatana na maneno mengine yote ya zama zake. Ukikuta jina la ndege linabadilika sambamba na jina la kuku na jina la kuni, ujue yote matatu yalikuwemo nyumbani kabla watoto hawajatawanyika. Watu wa Botswana na Zimbabwe hawakumsubiri mfanyabiashara wa Bagamoyo awafundishe jina la ndege anayekimbia kwenye mashamba yao. Lugha zao na yetu zilitengana zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kanga ya kwanza kupigwa chapa.

Wanaisimu walianza kulinganisha lugha za Kibantu namna hii zamani. Mjerumani Carl Meinhof alichapisha kanuni za sauti zake mwaka 1899. Mwingereza Malcolm Guthrie akafuata na kazi kubwa zaidi iliyotoka kati ya 1967 na 1971. Kwa kulinganisha hivyo wamelijenga upya neno la kale la ndege huyu, nalo huandikwa *-kanga*, likiwa na kinyota mbele kuonyesha kwamba hakuna aliyelisikia likitamkwa bali limepatikana kwa hesabu ya sauti. Maana yake ilikuwa ileile ya leo. Huyu ni mmoja wa ndege ambao majina yao yamedumu kwetu muda mrefu sana, na sishangai. Ni ndege wa chakula, anaonekana mchana, anatembea kwa makundi, na kelele zake za jioni kabla hajapanda mtini kulala humwamsha hata mtu asiyejali ndege. Jina la kitu unachokutana nacho kila wiki halisahauliki.

Huenda mtu akamwambia mwanao kwamba jina liliiga mlio. Kuku, ndiyo, ni rahisi kuamini, na wengi tunaamini hivyo. Kwa kanga mimi nasita. Mlio wake wa hofu ni mkavu, *kek-kek-kek* unaorudiwa kwa kasi, na jike ana mwito wa sauti mbili unaopanda mwishoni. Ile *ng* ya puani iliyo katikati ya jina haisikiki humo. Mtoto asiliandike hilo kama jambo lililothibitishwa.

Twende kwa nguo, kwa kuwa ndiyo kazi yako, na kwa kuwa mteja wako hakukosea kila kitu. Aliona kufanana, na kufanana kupo. Mwangalie kanga wa porini: mwili wa kijivu kilichokolea karibu na weusi, umetapakaa madoa madogo meupe yaliyopangika kama mtu aliyachora moja moja. Juu ya kichwa kisicho na manyoya kuna kijipembe cha mfupa, na mashavuni rangi za samawati na nyekundu. Lakini kwa mbali unayoyaona ni madoa.

Nguo yenyewe ilizaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Simulizi inayosimuliwa sana Zanzibar na Mombasa ni hii: wanawake walikuwa wakinunua leso za rangi zilizopigwa chapa kwa mfululizo kwenye jora. Badala ya kukatiwa moja moja walichukua sita, wakazikata mafungu mawili ya tatu tatu, wakayashona ubavu kwa ubavu wakapata nguo pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, yenye pindo pande zote na mji katikati. Maandishi, yale tunayoyaita jina la kanga, yalikuja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia leo.

Mitindo ya mwanzo, simulizi zinaendelea, ilikuwa na madoa meupe juu ya rangi nzito. Watu wakaitazama, wakamkumbuka ndege, wakaiita kanga. Kuna maelezo ya pili utakayoyasikia: kwamba wanawake waliovaa nguo hizo walitembea kwa makundi wakizungumza kwa sauti, wakafananishwa na kundi la kanga. Mimi nalipa uzito la kwanza. La pili linafurahisha barazani, lakini nguo kwa kawaida hupewa jina kwa sura yake, na sura ilikuwepo mbele ya macho. Juu ya hayo, maelezo yote mawili yanakubaliana katika jambo ambalo mwanao anahitaji: ndege alitangulia. Usingeweza kuiita nguo kwa jina la ndege kama ndege hana jina.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia hivyo. Kuna methali ya zamani isemayo *Kanga hazai ugenini*. Aliyeitunga alimjua ndege vizuri, maana kanga hutaga chini, kwenye kishimo alichokiparua nyasini mahali anapopaamini. Tazama pia sarufi. Unasema kanga *huyu* amekimbia, lakini kanga *hii* bei gani. Ndege anashika upatanisho wa viumbe hai, nguo inashika wa vitu. Neno ni moja kwa sauti, lakini kila msemaji anajua bila kufundishwa ni lipi analolitaja.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mwalimu mstaafu alisikie, kwa heshima zote. Kile alichokidhani, yaani ndege kupewa jina kwa sababu ya kilichochorwa, kimewahi kutokea kweli, ila si kwetu. Wareno walipokutana na ndege huyu Afrika walimwita *pintada*, yaani aliyepakwa rangi, na Wafaransa wakalichukua wakawa wanamwita *pintade* hadi leo. Wao walianza na mchoro wakaenda kwa ndege. Sisi tulianza na ndege tukaenda kwa mchoro. Watu wawili walitazama madoa yaleyale, mmoja akiwa mgeni kwa ndege huyo na mwingine akiwa amekua naye, na majina yanaonyesha nani ni nani.

Majina mengine ya kigeni yana mkanganyiko zaidi. Jina lake la kisayansi ni *Numida meleagris*. La kwanza linataja Numidia, nchi ya kale iliyokuwa huko Algeria na Tunisia za leo. La pili lilitolewa na Msweden Linnaeus mwaka 1758, nalo ni la hadithi ya Wayunani: dada zake Meleagros walimlilia kaka yao aliyekufa mpaka wakageuzwa ndege, na machozi yao yakabaki kuwa madoa. Kisha Linnaeus huyohuyo akalitumia jina Meleagris kwa bata mzinga pia, ambaye kwao ni Amerika na hahusiani na Wayunani kwa lolote. Waingereza nao waliwachanganya ndege hao wawili, wakawaita wote kwa jina la Uturuki kwa kuwa kanga aliwafikia kupitia nchi za Waturuki, na mwisho jina likambakia bata mzinga. Mwanao akiandika aya moja ya hayo itapendeza, lakini asiyape nafasi kubwa. Hayo ni majina ya wageni, na ndege ni wa hapa.

Sasa wifi yako na ile *h*.

Mwombe atamke mbele yako *kaa la moto*, kisha *kaa wa baharini*. Weka kiganja karibu na mdomo wake. Akiwa amekulia Tanga kati ya wenye lugha, utahisi kwamba kaa wa baharini anakuja na pumzi kali na kaa la moto halina pumzi hiyo. Mwombe tena *paa la nyumba* na *paa wa porini*. Ni vivyo hivyo. Kisha aseme *kanga*. Pumzi ipo.

Pumzi hiyo ni mabaki. Majina mengi ya wanyama wetu yalikuwa na sauti ya puani mwanzoni, kama unavyoiona bado katika *ndege*, *mbuzi* na *nguruwe*. Ilipofuatwa na *k*, *p* au *t*, Kiswahili kiliiacha ile ya puani, na mahali pake pakabaki pumzi. Mchewa katika *nkhanga* ameshika vyote viwili, ya puani na pumzi. Mtu wa pwani ameshika pumzi peke yake. Mshona amebaki na *h* tupu. Nasi wa bara, tuliojifunza Kiswahili tukiwa na lugha nyingine nyumbani, wengi wetu tumeacha vyote na kubaki na *k*. Kwa hiyo wifi yako anasikia kitu cha kweli kabisa, cha kale kuliko mji wa Tanga, na ni huzuni kwangu kwamba shule zetu hazikifundishi.

Ila kusikia ni jambo moja na kuandika ni jingine. Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930, haikuipa pumzi hiyo herufi. Ndiyo maana tunaandika *kaa* mara zote mbili na *paa* mara zote mbili. Herufi *kh* zimewekewa sauti nyingine, ile ya kooni iliyo katika *kheri* na *Khamisi*. Anayeandika *khanga* anakusudia pumzi, lakini msomaji asiyejua anaweza kuikwaruza kooni, jambo ambalo hata Mtanga hafanyi.

Ushauri wangu kwa bango ni KANGA. Ni tahajia sanifu, ndiyo mtoto atakayoikuta shuleni, na mteja wa Kibirizi au wa Mwanga hatapata taabu kuisoma. Siwezi kukwambia KHANGA ni dhambi. Wenye biashara wengi huiandika hivyo, na ina faida moja: inamwonyesha mpita njia kwamba unauza nguo, hufugi ndege. Kama ukiandika KANGA NA VITENGE, hata faida hiyo huihitaji, kwa sababu neno la pili limeshaeleza la kwanza. Nisichokushauri ni kuandika kwa namna mbili, moja juu ya mlango na nyingine kwenye mifuko. Chagua moja ubaki nayo. Ukitaka kauli rasmi ya maandishi, labda kwa nyaraka za usajili wa biashara, waandikie Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Ndiyo kazi yao.

Kuna sehemu ambayo barua yangu haitoshi, na hapo lazima mwanao atoke nyumbani. Kuandika asili ya jina hili Kigoma bila jina lake la Kiha ni kuacha nusu ya kazi, na mwenye kujua yuko Kasulu. Mpeleke kwa babu, au ampigie simu babu akiwa ametulia. Asimwulize tu "kanga mnamwitaje", maana mzee akisikia Kiswahili huweza kujibu kwa Kiswahili kwa adabu. Amweleze ndege mwenyewe, madoa na kijipembe, kisha amwache aseme. Asikilize mwanzo wa neno: je, kuna sauti ya puani kabla ya *k*, kuna vokali mbele yake? Aandike anavyosikia, hata kama tahajia inamtatiza, kisha aulize pia jina la kifaranga na jina la yule ndugu yake wa misituni mwenye kishungi cha manyoya kichwani, ambaye kwa Kiswahili ni *kororo*. Wawindaji hawawachanganyi hao wawili, na huenda babu akampa majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Kama simu yako inarekodi sauti, mwombe mzee ruhusa mrekodi. Akiwa na jirani Mmanyema hapo Ujiji, aulize na kwa upande wake, apate lugha ya tatu ya kulinganisha.

Akishapata maneno hayo, ayapange kwa mstari pamoja na *nkhanga*, *hanga* na *kgaka*, na chini yake mstari wa kuku na mwingine wa kuni kwa lugha zilezile. Mwalimu wake ataona mwenyewe.